Tumbo Limefura, Mizani Imekwama: Kupunguza Mwili Ukiwa na Gesi Isiyoisha

Anayeamua kupunguza mwili hapa Nairobi huanza karibu kwa njia ile ile. Jumatatu ugali unaachwa na chapati zinapigwa marufuku. Mahali pake panaingia bakuli la maharagwe, kabeji mbichi, kachumbari yenye kitunguu kingi, parachichi zima, tufaha mbili za saa nne, na usiku vipande vya tikiti maji badala ya chakula. Asubuhi ni maji ya ndimu yaliyopondewa kitunguu saumu. Mchana, ili kudanganya njaa, chingamu isiyo na sukari. Chai ya maziwa inabaki, maana bila chai siku haijaanza.

Ijumaa inafika. Mizani imeshuka kilo mbili, lakini suruali iliyofungika Jumapili haifungiki. Tumbo ni gumu kama ngoma, limesukumwa mbele kiasi kwamba kwenye matatu kuna mtu anakupisha kiti akidhani una mimba. Ni aibu ya ajabu, kushukuru kwa kiti usichostahili. Hapo ndipo wengi tunapokosea, na kosa lenyewe hula miezi: tunaona tumbo kubwa, tunadhani ni mafuta, tunakaza zaidi. Maharagwe yanaongezwa, kabeji inaongezwa, na tumbo linazidi kufura.

Gesi na mafuta ni mambo mawili. Kila moja lina kipimo chake na dawa yake, na kwa bahati mbaya vyakula vinavyosifiwa kwa kupunguza mafuta ndivyo vinavyoongoza kwa kuleta gesi. Ukiyashughulikia yote mawili kwa wiki moja hutajua kipi kilifanya nini. Tumbo litulizwe kwanza. Kilo zina zamu yake.

Zile kilo mbili za wiki ya kwanza nazo zinahitaji maelezo, kwa sababu ndizo zinazompa mtu imani potofu. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, jumla kama nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha ugali ghafla, akiba inatumika, maji yake yanatoka kwa mkojo, na mizani inashuka kilo moja na nusu hadi mbili kabla hujapoteza mafuta ya maana. Ukila ugali Jumapili kwa shangazi, Jumatatu kilo zimerudi. Hujanenepa, umejaza tangi tu. Kilo moja ya mafuta ina nishati ya kama kalori 7,700. Ili uiongeze kwa siku moja ungelazimika kula, juu ya chakula chako cha kawaida, chapati zaidi ya ishirini. Hata shangazi hana sufuria ya kutosha.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha chochote kwenye sahani, nunua tepu ya fundi wa nguo, ile laini ya sentimita 150. Asubuhi, ukishatoka msalani na kabla hujanywa kitu, simama wima miguu imeachana kidogo. Papasa pembeni mpaka upate ubavu wa chini kabisa, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hizo mbili ndipo tepu ipite, ilingane na sakafu pande zote, iguse ngozi bila kuibana. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, soma. Usiku kabla ya kulala rudia mahali pale pale. Andika namba zote mbili kwenye daftari au simu.

Kila mtu ana tofauti ya sentimita moja au mbili kati ya asubuhi na usiku. Ukiona 92 asubuhi na 99 usiku, hizo saba si mafuta: hakuna mwili unaotengeneza sentimita saba za mafuta kati ya chai ya asubuhi na taarifa ya habari ya saa tatu, kisha ukazifuta kabla jogoo hajawika. Namba ya asubuhi, ikifuatwa kwa wiki kadhaa, inakueleza habari za mafuta. Tofauti ya asubuhi na usiku inakueleza habari za gesi. Mtu anayejua kutenganisha namba hizi mbili ameokoa nusu ya machozi.

Mizani nayo ipandwe asubuhi, saa zile zile, na usiisome kwa siku moja moja. Chukua wastani wa siku saba, ulinganishe na wastani wa wiki iliyotangulia. Mwanamke alinganishe na wiki ileile ya mwezi uliopita, kwa kuwa maji ya kabla ya hedhi peke yake yanaweza kuongeza kilo moja au mbili na kufuta kwa macho kazi ya wiki tatu.

Yasiyotibiwa jikoni

Tumbo linalofura jioni na kushuka alfajiri ni jambo moja. Lililofura na kubaki hivyo asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, ni jambo jingine. Mwanamke aanze na kipimo cha mimba, hata kama ana uhakika. Kisha picha ya altrasaundi ya tumbo la chini: uvimbe kwenye kizazi, yaani faibroidi, uko sana miongoni mwa wanawake wa Kiafrika na unaweza kusukuma tumbo mbele kama kitambi cha kawaida. Hasa kwa waliopita miaka 50, tumbo kujaa mfululizo, kushiba upesi na kukojoa mara kwa mara ni dalili za saratani ya ovari ambazo hupuuzwa kwa kuitwa gesi. Kwa yeyote yule, kilo zinazoshuka bila kutafutwa, damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kutapika kusikokoma, chakula kukwama kifuani, macho ya njano, upungufu wa damu, au maumivu yanayokuamsha usiku: hayo ni ya daktari wiki hii, si baada ya mshahara.

Wengi hawafiki kwa daktari. Wanasimama kwenye dirisha la duka la dawa mtaani. "Daktari, nipe kitu cha gesi." Wanatoka na bahasha ndogo ya vidonge, na wiki ijayo wamerudi. Omeprazole hupunguza asidi. Inafaa kwa kiungulia, lakini gesi ya utumbo mpana haitokani na asidi. Ile dawa ya unga inayotoa povu kwenye glasi inatengeneza hewa yake yenyewe ndani ya tumbo, na mbweu kubwa inayoleta nafuu ni hewa uliyoinunua. Tena ina sodiamu nyingi, mwenye presha asiizoee. Simethicone huunganisha vipovu vidogo viwe vikubwa vitoke kwa urahisi, haizuii vingine kutengenezwa. Vidonge vya mkaa hunasa dawa nyingine tumboni, kwa hiyo anayetumia vidonge vya kupanga uzazi au ARV asivimeze bila kuuliza.

Halafu kuna H. pylori, bakteria wa tumbo ambaye siku hizi kila mwenye gesi mjini anaambiwa anaye. Huenda kweli unaye: kwa makadirio zaidi ya nusu ya watu wazima barani Afrika wanaye, na wengi wao hawasikii chochote. Ndiyo maana kipimo kikisema "yupo" hakijathibitisha kwamba yeye ndiye anayekufurisha. Kosa la gharama hapa ni kipimo chenyewe. Kile cha damu hutafuta kingamwili, nazo hubaki muda mrefu baada ya bakteria kwisha, kwa hiyo mtu aliyetibiwa mwaka jana anapimwa, anaambiwa anaye, anameza tena dozi nzima bure. Omba kipimo cha kinyesi kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe, au cha pumzi. Kabla yake acha omeprazole na ndugu zake kwa wiki mbili, na antibiotiki kwa wiki nne, la sivyo bakteria hujificha na majibu yakadanganya. Ikibidi kutibiwa, dozi kwa kawaida ni siku 14 za dawa tatu au nne kwa pamoja, na tumbo litachafuka zaidi katikati. Usiiache siku ya sita kwa sababu ya uchungu mdomoni. Wiki nne au zaidi baada ya kumaliza, pima tena kwa kinyesi au pumzi. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

Taifodi nayo ni wimbo wetu. Kipimo cha Widal huonyesha "taifodi" kwa watu wengi wasio nayo, na gesi ya miezi minne bila homa haifanani na taifodi. Ukiandikiwa sindano za siku tano kwa majibu hayo, uliza kwanza.

Kuna kipimo kimoja kinachosahaulika ambacho hugusa matatizo yote mawili kwa pamoja: TSH, cha tezi ya shingo. Tezi ikilegea, kilo hugoma kushuka, choo huwa kigumu na tumbo hujaa. Pitia pia dawa unazomeza. Metformin ya sukari huleta gesi na kuendesha, na ile ya kuyeyuka polepole huwa ya upole zaidi. Sindano za kupunguza uzito za aina ya semaglutide huchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo anayezitumia huku akila sahani ile ile ya zamani atajihisi amemeza jiwe.

Kuhusu pesa: kipimo cha kinyesi si mzigo mkubwa, lakini kamera ya tumbo katika hospitali binafsi ni makumi ya maelfu ya shilingi. Hospitali za umma hutoza nafuu, foleni ndiyo hoja. Kabla ya kulipia chochote muulize daktari: majibu yakiwa hivi tutafanya nini, yakiwa vile tutafanya nini? Kama ni kitu kile kile, pesa zibaki mfukoni.

Wiki nne bila kukata

Daktari akisema hakuna cha kutisha, sasa jikoni. Kwa wiki nne usipunguze kiasi cha chakula. Hili huudhi watu, maana wamekuja kwa ajili ya kilo. Lakini mtu mwenye njaa hula haraka, hunywa maji mengi ya kujaza tumbo, hutafuna chingamu, na hivyo vyote huongeza hewa. Kula kawaida, badilisha aina tu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, ndio waliopanga vizuri kundi la wanga unaochachuka tumboni, wakaliita FODMAP. Wanga huu haumeng'enywi vizuri kwenye utumbo mwembamba. Unavuta maji, unafika utumbo mpana, bakteria wanausherehekea na kutoa gesi. Ukiusoma kwa macho ya sahani ya Nairobi, habari njema ni kwamba ugali wa mahindi na wali haumo. Wala viazi, sukuma wiki, spinachi, karoti, mayai, samaki, omena, kuku na nyama. Waliomo ni vitunguu vya aina zote mbili, ngano (chapati, mkate, mandazi), maharagwe na jamii yake, maziwa, tufaha, embe, tikiti maji, uyoga, koliflawa, asali, na sukari za chingamu kama sorbitoli na zailitoli. Parachichi limo pia, ukilila zima. Sasa rudi juu usome lile bakuli la Jumatatu.

Kitunguu ndicho kigumu zaidi, kwa sababu mchuzi wetu huanza nacho kabla hata ya mafuta kupata moto. Kuchagua vipande na kuviweka pembeni ya sahani hakusaidii: wanga wake huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo umeshaingia kwenye supu. Lakini hauyeyuki kwenye mafuta. Kaanga kitunguu au saumu kwenye mafuta matupu kwa dakika tatu nne, kitoe chote kwa kijiko chenye matundu, ndipo utie nyanya na nyama. Ladha inabaki, gesi inatoka na vipande. Majani ya kijani ya kitunguu cha majani yanafaa. Sehemu nyeupe ya chini ikatwe. Angalia pia viungo vya pakiti vya mchuzi, vingi vina unga wa kitunguu.

Maziwa yachunguzwe peke yake. Watu wazima wengi wa asili ya Kiafrika hupungukiwa kimeng'enya cha laktosi, yaani sukari ya maziwa, isipokuwa jamii nyingi za wafugaji, kwa mfano Wamaasai, ambao wengi wao huendelea nacho ukubwani. Kikombe cha chai cha mililita 250 kilichopikwa nusu maji nusu maziwa kina laktosi ya kama gramu sita, na wengi wasioimudu huvumilia hadi gramu 12 hivi kwa mkao mmoja. Maana yake chai moja yaweza kuwa haina hatia. Vikombe viwili vya kufuatana, juu yake uji wa maziwa, hapo umevuka mpaka. Acha maziwa kabisa kwa wiki mbili, kisha asubuhi moja ya siku usiyotoka nyumbani kunywa glasi ya mililita 250 kabla ya kula kitu. Ndani ya saa mbili hivi tumbo litakuwa limetoa ushahidi. Wengi wanaoshindwa na maziwa mabichi huyamudu maziwa lala, kwa sababu bakteria wa kuchachua wameshakula sehemu ya laktosi. Anayekunywa unga wa protini wa mazoezi asome pakiti: wa bei nafuu mara nyingi una laktosi.

Choo. Watu hawapendi kuliongelea, lakini utumbo uliojaa kinyesi kigumu hauachii gesi ipite, hata ukila vizuri namna gani. Chini ya mara tatu kwa wiki, au kukaa ukikamua, ni kufunga choo, na mara nyingi huanza pale mtu anapoacha ugali na kupunguza chakula ghafla. Dawa si kumeza ukapi wa ngano kwa vijiko. Ongeza mboga na matunda yanayofaa kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu, maji yaongezeke pamoja nayo. Ispaghula, yaani maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi laini, kijiko kimoja cha chai kwenye glasi kubwa ya maji na inywewe papo hapo kabla haijaganda, huleta gesi kidogo kuliko nyuzinyuzi nyingi nyingine. Anayetumia choo cha kukalia aweke miguu juu ya kigoda cha sentimita 20 hivi, magoti yapande juu ya nyonga. Choo cha kuchuchumaa cha shagi, yaani kijijini, kilikuwa kimeshatatua jambo hili.

Hewa inayomezwa haina chakula maalumu, ina mwendo tu. Chakula cha mchana kinacholiwa kwa dakika saba huku simu iko sikioni huingia na hewa yake. Soda ya nusu lita ni gesi pamoja na sukari ya zaidi ya gramu 50. Hiyo iachwe kwa sababu zote mbili. Baada ya kula tembea dakika 10 hadi 15, mwendo wa kawaida. Kazini zunguka jengo. Ukishuka matatu, shuka kituo kimoja kabla. Kukaa saa moja na nusu umekunjika kwenye foleni ya Mombasa Road mara baada ya kula ni mateso kwa utumbo, na kama unaweza kula baada ya safari badala ya kabla, fanya hivyo.

Jambo moja ambalo madaktari wachache hulieleza: kwa baadhi ya watu tumbo hufura bila gesi kuwa nyingi. Baada ya kula, kiwambo cha kupumulia hushuka chini na misuli ya mbele ya tumbo hulegea, matumbo yakasukumwa nje. Ni mazoea ya misuli, nayo hufundishika. Keti, mkono mmoja kifuani mwingine juu ya kitovu. Vuta pumzi puani kwa kuhesabu nne, mkono wa chini tu ndio usogee. Toa polepole mdomoni kwa kuhesabu sita. Dakika tano baada ya kila mlo. Huonekana kama mchezo, na wiki mbili za kwanza huoni kitu.

Mwisho wa wiki nne tazama daftari. Kama tofauti ya asubuhi na usiku imeshuka kutoka sentimita saba hadi tatu, umepata njia. Kama haijatikisika kabisa, chakula hiki si tatizo lako. Rudi kwa daktari na usiendelee kujinyima bure.

Kurudisha, na ndipo kukata

Mlo huu si wa maisha. Ukizidi wiki sita unaanza kuwanyima chakula hata bakteria wazuri, na mfuko pia unaumia, maana nyama na samaki si maharagwe kwa bei. Rudisha kundi moja moja. Siku ya kwanza kiasi kidogo, ya pili kikubwa kidogo, ya tatu kiasi cha kawaida, kisha pumzika siku mbili tatu kabla ya kundi lingine. Ngano ijaribiwe kwa nusu chapati, moja, halafu moja na nusu, isiyo na mchuzi wa kitunguu. Kitunguu kijaribiwe siku zake. Watu wengi hugundua kwamba wamevilaumu vyakula kumi wakati mwenye kosa ni kimoja au viwili, na mara nyingi tatizo ni kiasi.

Maharagwe usiyakatie tamaa, kwa sababu ndiyo protini ya bei nafuu na hushibisha. Yaoshe, yaloweke kwenye maji mengi kuanzia saa mbili usiku hadi asubuhi, saa 8 hadi 12. Maji hayo mwaga. Yana sehemu ya wanga wa gesi. Chemsha kwa maji mapya dakika kumi, mwaga tena, tia mengine na upike mpaka yapondeke kwa vidole viwili bila kipande kigumu katikati. Maharagwe yaliyoiva nusu ni adui. Magadi huyalainisha haraka lakini huongeza sodiamu, nayo hushikilia maji mwilini. Anza na robo kikombe, mchuzi wake uachwe. Ndengu zilizolowekwa vivyo hivyo huwa za upole zaidi kwa wengi. Githeri ya kibandani, ambayo hujui ilichemshwa vipi, ije mwisho.

Baada ya hapo ndipo unakata. Punguza kama kalori 500 kwa siku, ambazo kwa makadirio huleta nusu kilo kwa wiki mwanzoni. Zikate mahali ambapo tumbo halitalipa. Mahali pa kwanza ni mafuta ya kupikia: kijiko kimoja cha mezani kina kama kalori 120, na sukuma nyingi za mjini huelea kwenye vijiko vitatu. Mafuta mengi pia huchelewesha chakula tumboni na kuongeza kule kujaa, kwa hiyo hapa unaua ndege wawili. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye mtungi. Mahali pa pili ni chapati. Pakiti ya kilo mbili ya unga ikitoa chapati 26, kila moja ina gramu 75 hivi za unga, yaani kalori 270 kabla ya mafuta; ikipakwa na kukaangwa inapita 350. Mbili kwa chai ni mlo mzima umepita ukiitwa kifungua kinywa. Mahali pa tatu ni sukari ya chai, vijiko vitatu mara vikombe vinne, karibu kalori 200.

Ugali usiuache. Pima unga badala ya kukisia bonge: gramu 100 za unga mkavu zina kama kalori 360 na zinatoa ugali unaotosha mtu mmoja. Ukiwa ulikuwa unakula wa gramu 200, umepata sehemu kubwa ya punguzo lako la siku bila kugusa kitu kingine. Protini ikae juu, takriban gramu 1.2 kwa kila kilo ya mwili, ili misuli isiliwe. Yai moja ni gramu sita, kipande cha samaki cha gramu 100 ni kama 20.

Majani ya kupunguza mwili, yale ya kunywa usiku, mengi kazi yake hufanywa na sena. Sena ni dawa ya kuendesha. Asubuhi tumbo limekuwa bapa, mizani imeshuka kilo, na kilichotoka ni maji na kinyesi. Kalori zilishafyonzwa juu zaidi, kwenye utumbo mwembamba. Kisha kuna maumivu ya kukata, gesi, na wengine hufika mahali hawaendi choo bila majani. Anayekuuzia mtandaoni hatakuambia hilo.

Karibu mwezi wa pili au wa tatu wa kukata mizani husimama. Kabla ya kupunguza chakula zaidi, tazama tepu ya asubuhi: ikishuka huku mizani imekaa, endelea. Ikisimama pia kwa wiki tatu, rudi kwenye kijiko cha mafuta, maana hicho ndicho hurudi kimyakimya.

Na mchana mjini, ukila kibandani, mambo ni rahisi kuliko unavyodhani ukifika kabla ya saa saba, kabla foleni haijajaa. "Mama, nipimie ugali nusu, sukuma ya kutosha, samaki mkavu bila supu." Atakuuliza kama uko dayeti. Mwambie ni tumbo linakusumbua. Dayeti hubishaniwa, tumbo huhurumiwa, na mara nyingi atakuchotea sukuma ya juu ya sufuria, ambapo mafuta hayajatuama.